Kosa la Kuomboleza Bila Marehemu

Jina la nchi yetu ni nyara ya serikali, na raia haruhusiwi kulitaja bila kibali. Niliomba kibali ili niandike haya. Nikajibiwa kwamba ombi langu lina kasoro, kwa kuwa sikutaja ni nchi gani. Kwa hiyo nitasema Nchi tu, na msomaji asijisumbue kubahatisha. Huenda naye hana kibali.

Mimi ni mwanafunzi wa sheria. Nilijiandikisha katika chuo kinachofundisha kwa njia ya posta, kisha posta ikafungwa, nikaendelea peke yangu kwa vitabu vya mtumba na magazeti. Kila asubuhi nasoma ukurasa wa habari za mahakama kabla ya kunywa chai, na sihukumu jambo lolote mpaka chai iishe. Sheria zetu zinahitaji utulivu huo. Katiba, kwa mfano, inasema kila raia ana uhuru wa kutoa maoni. Kuyapokea maoni ni hiari ya Serikali. Kumpokea mtoa maoni ni wajibu wake.

Mwaka huo Mahakama ya Rufani ilikuwa imetoka kuamua shauri la mguno. Mtu mmoja aliguna Waziri akihutubia. Majaji walilitafakari jambo kwa marefu na mapana, wakasema mguno mfupi ni pumzi, na kuvuta pumzi ni haki ya binadamu; lakini mguno mrefu ni hotuba, na hotuba inataka kibali cha mkutano. Nilifurahi sana. Si mara nyingi haki hupewa urefu unaojulikana.

Nilikuwa bado naufurahia uamuzi huo Shomari alipochukuliwa.

*

Shomari ni mtoto wa mwisho wa Bi Tunu, mwenye nyumba wangu. Ni fundi wa kuchomelea: mageti, nondo za madirisha, vitanda vya chuma. Mtu mtaratibu. Alikuwa amepata kazi kubwa kuliko zote, ya kuchomelea kingo za daraja jipya ambalo Waziri wa Ujenzi alilifungua mwenyewe. Waziri alikata utepe ukumbini mjini, kwa sababu barabara ya kwendea darajani ilikuwa mbovu.

Shomari akakodi mkokoteni, akapakia vyuma, akaenda. Kisha akapiga simu redioni, kwenye kipindi cha pongezi.

"Nami natoa pongezi," alisema, na mtaa mzima tulimsikia. "Mimi ndiye fundi wa kingo. Nimefika na vyuma vyangu. Mto nimeuona. Naomba kuelekezwa daraja."

Mtangazaji akacheka. Kisha akakumbuka kwamba yuko hewani, akapiga wimbo wa taifa mpaka kipindi kikaisha.

Kesho yake likaja gari lisilo na namba. Waliokuwemo walikuwa waungwana. Walimkuta anamalizia geti la mkubwa wao mmoja, wakamsubiri amalize, wakalijaribu kama linafunga sawasawa, ndipo wakamchukua.

*

Bi Tunu alikwenda kituoni na chakula, nami nikamfuata kwa ajili ya masomo.

"Mama, mtu wa jina hilo hatuna," alisema polisi wa zamu.

"Mbona namsikia anakohoa?"

"Kikohozi hicho ni cha kituo."

"Na shati lile kwenye kamba?"

"Mashati yote yana mikono miwili, mama yangu."

Bi Tunu akamtazama. "Sasa hiki chakula nimpe nani, afande, na mtu hamna?"

Polisi akafunua, akanusa. Ugali na samaki wa kukaanga. "Chakula acha," alisema.

Jioni tulirudi kuchukua sahani. Ilikuwa tupu, ila ukingoni miiba ya samaki ilikuwa imepangwa kwa mstari, sambamba, nafasi kwa nafasi, kama nondo za dirisha. Bi Tunu akaishika sahani kwa mikono miwili njia nzima, watu wakidhani amebeba chakula.

"Tangu mdogo," aliniambia. "Hamalizi samaki mpaka aipange. Nilikuwa namchapa."

Ikawa ndivyo kila siku. Asubuhi Serikali inasema hayupo, jioni sahani inasema yupo. Niliandika barua kwa gazeti kuuliza ni ushahidi upi una uzito zaidi kisheria. Hawakuichapa.

*

Sheria yetu inatambua maombi ya kumtaka mshikaji amlete mtu mahakamani. Nilimsaidia Bi Tunu kuyaandaa, na Mahakama Kuu ikayasikiliza kwa heshima kubwa. Wakili wa Serikali aliapa kwamba Serikali haina mtu huyo, haijawahi kuwa naye, na isingependa kuwa naye.

Jaji alisema maombi yetu yameandikwa vizuri, ila yana upungufu mmoja: hayana kiapo cha anayedaiwa kushikwa. "Yeye peke yake ndiye anayejua kwa hakika kwamba ameshikwa," alisema. "Wengine wote ni wasikizi tu. Akipatikana, aje aape kwamba hajapatikana. Mlango uko wazi."

Nje, Bi Tunu alinishika mkono. "Mwanasheria, wamesemaje?"

"Wamesema akija, anaweza kuomba aletwe."

"Na haya ndiyo unayolipia kusoma?"

"Najisomea bure, Bi Tunu."

"Afadhali," alisema.

Jioni ile tukapitia kituoni. Sahani ilitolewa. Bi Tunu akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena. Hapakuwa na miiba ukingoni. Hapakuwa na miiba kabisa. Aliyekula alitafuna mpaka kichwa.

"Huyu si mwanangu," alisema.

Hakulia. Alikaa kwenye ngazi za kituo mpaka polisi wa zamu akamletea maji. Alipoyanywa akasema: "Kwao hayupo. Kwangu hayupo. Kwenye sahani hayupo. Sasa yuko wapi kama si kwa Mungu? Twende nyumbani, mwanasheria. Naweka matanga."

*

Hapa sina budi kueleza Sheria ya Mikusanyiko. Inasema watu wakizidi watano mahali pamoja ni mkutano, na mkutano bila kibali ni jinai. Kibali hutolewa na Wizara ya Uhuru na Vibali, kwa mwombaji atakayefika na wenzake wote wakiwa wameshakusanyika. Harusi ni mkutano. Mechi ni mkutano. Foleni ya kuomba kibali iliwahi kutawanywa kwa mabomu ya machozi.

Msiba peke yake umesamehewa. Wiki ile muswada ulipopelekwa bungeni, Waziri wa Wizara hiyo alifiwa na mama mkwe. Wabunge wote wakawa mkekani kwake, wamekusanyika, hawana kibali, na sheria ilikuwa ianze kutumika siku ileile. Wakaongeza kifungu cha msamaha wakiwa wamekaa palepale, kati ya wali na kahawa. Ndicho kifungu pekee katika vitabu vyetu kilichotungwa na watu walio na huzuni.

Kwa hiyo turubai lilipofungwa kwa Bi Tunu, mtaa ukaja wote. Wanawake wakaingia ndani, wanaume wakakaa nje. Na kwa kuwa mahali pengine popote hawawezi kukaa zaidi ya watano, watu walikuwa na mengi ya kusema. Walimsema marehemu, wakasema daraja, wakasema bei ya sukari, wakarudi kwa marehemu. Wengine walitoka mbali, hawakumjua Shomari hata kwa sura, lakini walikuwa na kiu ya kukaa na watu.

Siku iliyofuata wakaja polisi, na Inspekta Lupembe mbele yao.

Inspekta Lupembe ni mtu mkali, ila amelelewa. Huwezi kuingia msibani kwetu na viatu, wala kuanza jambo kabla ya kutoa pole, wala kutoa pole ukiwa umesimama, wala kuondoka bila kuonja chochote. Akavua buti. Askari wake wakavua. Wakakaa. Wakaletewa wali. Walipokuwa wakinawa mikono, buti zao zilikuwa tayari zimechanganyika na kandambili za waombolezaji, na nguvu za dola zikawa zimepungua kidogo.

Ndipo Mjomba Kilua, kaka yake Bi Tunu na msemaji wa familia, alipoinuka na kipaza sauti. Mjomba Kilua hawezi kumwona mgeni mwenye cheo akamwacha amalize tonge lake.

"Ndugu waombolezaji, tumepata heshima. Vyombo vya ulinzi vimekuja kutufariji. Namwomba Afande atupe neno kwa niaba ya taasisi."

"Hapana, hapana," alisema Inspekta, akipunga kijiko.

"Neno fupi tu, Afande. Usitunyime."

Nimelichunguza jambo hili kwa muda mrefu, na sijaona mfano wa kinyume: katika Nchi yetu hakuna mtumishi wa umma anayeweza kupewa kipaza sauti akakirudisha. Inspekta alisimama. Alitanua kifua. Akakohoa taratibu.

"Itifaki imezingatiwa," alisema. "Kwa niaba ya Jeshi, na kwa niaba yangu binafsi na familia yangu, natoa pole kwa mama mzazi. Sisi tuliokuwa karibu na marehemu siku hizi za mwisho tunaweza kushuhudia. Alikuwa kijana mtulivu. Hakuwa msumbufu. Chakula alikula kwa adabu. Hata juzi tulipomhamishia Makao Makuu, alitushukuru kwa usafiri..."

Chini ya turubai hakuna aliyetafuna.

Bi Tunu alitokea mlangoni, kanga kichwani. "Juzi ipi, baba?"

"Juzi... juzi tu, mama."

"Alikuwa anapumua?"

"Mama, asiyepumua atapandaje ghorofa ya pili kwa miguu yake?"

Kilichotokea baada ya hapo nilikiona kwa macho yangu, na nitakieleza hapa kama shahidi wa upande wa utetezi. Kutoka ndani, walikokuwa wanawake, vilipigwa vigelegele. Vigelegele virefu, msibani, mchana kweupe. Mjomba Kilua alimkumbatia Inspekta. Mtu mmoja akaanza kuimba wimbo wa harusi.

Inspekta Lupembe alijinasua, uso umembadilika.

"Vigelegele!" alisema, bado kwenye kipaza sauti. "Kumbe huu si msiba! Huu ni mkusanyiko! Wote mko chini ya ulinzi! Buti zangu ziko wapi?"

*

Watu walikuwa wengi kuliko nafasi za mahabusu, kwa hiyo Serikali ikamshtaki Bi Tunu peke yake kwa niaba ya wote. Kosa: kuomboleza bila marehemu, na hivyo kuendesha mkutano usio na kibali.

Mimi nilikaa nyuma yake. Hakimu, mama mmoja wa makamo mwenye miwani ya kamba, aliniuliza mimi ni nani.

"Mwanafunzi wa sheria, mheshimiwa."

"Basi jifunze kimya," alisema, akamgeukia Bi Tunu. "Umesikia shtaka. Ni kweli au si kweli?"

Bi Tunu akasimama. "Mheshimiwa, mimi sijui. Niambieni ninyi kwanza. Mwanangu amekufa au hajafa? Kama amekufa, sina kosa, nipeni maiti yangu nikazike. Kama hajafa, kosa ninalo, na nalikubali kwa mikono miwili."

Wakili wa Serikali alisimama, akakaa, akasimama tena. Alikuwa ni yuleyule aliyeapa Mahakama Kuu. Aliomba muda wa kushauriana.

Asubuhi iliyofuata gazeti lilichapa tamko la Wizara ya Uhuru na Vibali: Serikali haimfahamu mtu huyo, ila ina uhakika kwamba hajafa. Nililisoma hadi chai ikapoa. Kulikuwa na maoni mengi mtaani kuhusu tamko lile, lakini hakuna mguno hata mmoja uliozidi urefu.

Kesi iliporudi, Wakili wa Serikali alisema upande wa mashtaka una ushahidi usiopingika kwamba aliyeombolezwa yu hai.

"Ulete," alisema Hakimu.

Wakaleta. Shomari aliingia katikati ya askari wawili, amevaa shati si lake, shingoni amening'inizwa kibao cha karatasi ngumu: KIELELEZO A. Bi Tunu aliinuka nusu, nikamvuta kanga taratibu, akakaa.

"Shomari," aliita.

Kijana akafungua mdomo.

"Napinga, mheshimiwa!" alisema Wakili wa Serikali. "Kielelezo hakisemi. Kikisema kitakuwa shahidi, na shahidi huyu hatujamwita."

"Pingamizi limekubaliwa," alisema Hakimu. "Mshtakiwa, unakitambua kielelezo?"

"Amekonda."

"Hayo ni maoni, mheshimiwa," alisema Wakili. "Naomba yafutwe."

Yakafutwa. Bi Tunu akajibu kwamba anakitambua. Wakili akaiomba Mahakama ione kifua cha kielelezo kinavyopanda na kushuka. Mahakama ikaona. Mpaka leo sijasoma shauri lolote ambapo upande wa mashtaka ulithibitisha jambo kwa ukamilifu zaidi.

*

Hukumu ilisomwa siku hiyohiyo. Bi Tunu alipatikana na hatia. Ni mshtakiwa pekee niliyewahi kumwona akiomba hukumu irudiwe.

"Sehemu ipi?" aliuliza Hakimu.

"Pale uliposema yu hai, mheshimiwa."

Hakimu alirekebisha miwani, akarudia. Kisha akatoa adhabu. Alisema sheria inamruhusu kutoa amri badala ya kifungo. "Mahakama inakukataza kumlilia tena mtu huyu maadamu wewe u hai. Na kwa kuwa amri ya Mahakama haiwezi kuachwa ivunjwe, Serikali inaagizwa kuhakikisha kwamba hutapata sababu ya kuivunja."

Wakili wa Serikali aliinamisha kichwa kushukuru. Alipokiinua alionekana kama mtu aliyesaini kabla ya kusoma. "Tunaomba basi kielelezo kirudi mikononi mwa Serikali," alisema.

"Kirudi? Kwani kilitoka wapi?"

Wakili akafungua faili lake, akalifunga. Akisema kilitoka kwao, kiapo chake cha Mahakama Kuu ni uongo, na kuapa uongo ni miaka saba. Nilimwona akitafuta njia, na kusema kweli nilimhurumia.

"Mheshimiwa," alisema mwishowe, "tulikiokota."

"Sawa," alisema Hakimu, akafungua kitabu. Tunayo Sheria ya Mali Zilizookotwa, iliyotungwa kwa ajili ya miavuli na baiskeli. Inasema kilichookotwa hupewa yeyote anayeweza kueleza alama zake. "Kuna anayedai mali hii?"

"Mimi," alisema Bi Tunu.

"Eleza alama."

"Ana kovu la cheche mkono wa kushoto, juu ya kiwiko." Askari akapandisha shati, kovu lilikuwepo. Na makovu mengine yalikuwepo, mapya, lakini hayo hakuyataja kwa kuwa hakuyajua. Aliyatazama tu. Hakimu naye aliyatazama, na kalamu yake ikasimama. "Na akila samaki," Bi Tunu aliendelea, sauti imeshuka, "hupanga miiba ukingoni mwa sahani."

"Hilo haliwezi kuthibitishwa hapa," alisema Wakili.

"Ni kweli, mheshimiwa," ilisema sauti kutoka benchi la mashahidi. Alikuwa Inspekta Lupembe. "Hupanga. Tulikuwa tunashangaa."

*

Bunge lilichukua hatua mwezi uleule. Kifungu cha msamaha kimerekebishwa: tangu sasa kila msiba utahitaji kibali, na fomu itajazwa na marehemu mwenyewe akiwa na akili timamu. Mhariri wa ukurasa wa habari za mahakama ameyaita mageuzi hayo hatua kubwa, hakusema kuelekea wapi. Inspekta Lupembe amepelekwa kulinda daraja.

Shomari alirudi nyumbani na kibao chake shingoni, kwa sababu kibao ni mali ya Serikali na sheria ya mali zilizookotwa haikukigusa. Majirani walikuja kumwona, watano watano. Walimuuliza alikuwa wapi, walimfanyaje, ghorofa ya pili kuna nini. Kila aliyeuliza, alimwonyesha kibao. Wakaelewa. Mjomba Kilua alijaribu kumpa kipaza sauti, akakirudisha. Ndipo nilipoona kwamba hakufaa kabisa kuwa mtumishi wa umma.

Walipoondoka tulibaki watatu. Bi Tunu alileta ugali na samaki, akakaa mbele yake.

"Sema, mwanangu," alimwambia. "Hapa si mahakamani."

Shomari alitazama mlango. Akanitazama mimi. Kisha akaanza kula. Alikula polepole, na kila mwiba alioutoa mdomoni aliuweka ukingoni mwa sahani. Wa kwanza ukakaa upande, akaunyoosha, akaweka wa pili kando yake, nafasi ileile. Bi Tunu alikuwa amejifunika mdomo kwa kanga. Amri ya Mahakama ilikuwa inamkataza kulia, naye aliitii kadiri alivyoweza.

Mstari ulipokamilika, Shomari alinawa, akafuta mkono, akasafisha koo.

"Mama," alisema, "lile daraja lilipatikana?"

Hakuna sheria iliyonitaka nifanye hivyo. Nimetafuta katika vitabu vyangu vyote na sijaiona. Lakini niliinuka, nikafunga dirisha.